Upana wa chati unarudi sifuri: usiulize kabla haijapimwa

Mdogo wangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kwenye programu yako ya Android umeuliza kwa nini getWidth, amri ya kusoma upana, inakupa sifuri ndani ya onCreate, sehemu inayoandaa ukurasa unapofunguliwa, hata chati yako ya bei za zabibu haionekani. Hesabu zako ziko sawa, ila unauliza mapema mno. onCreate inapofanya kazi, Android haijapima wala kupanga chochote kwenye skrini. Fundi hawezi kukutajia upana wa chumba ambacho kuta zake hazijapanda.

Unaweza kuita post kwenye chati, amri inayoahirisha kazi hadi baadaye kidogo, na kusoma upana humo ndani. Lakini kwa kuwa unaichora mwenyewe, mimi ningetumia onSizeChanged, ambayo Android huiita ukubwa wa chati unapobadilika, maana inakuletea upana na kimo kipya hata simu ikizungushwa. Tafadhali usiweke sekunde za kubahatisha za kusubiri. Simu ya mkulima wa Makutupora huenda haina kasi kama ya kwako.

Wala usitumie upana wa skrini nzima badala ya ule wa chati. Mtu akigawa skrini kwa programu mbili, yako inabaki na kipande tu. Ukihitaji ukubwa wa eneo ambalo programu yako imepewa, yaani dirisha lake, kuanzia Android 11 ipo WindowMetrics.

Vipimo hivyo vyote ni pikseli. Kwenye faili la mpangilio andika dp, kipimo kisichotegemea wingi wa nukta za skrini. Kupata pikseli zake, zidisha dp kwa dpi ya skrini (nukta kwa kila inchi), kisha gawanya kwa 160. Kitufe cha dp 48 kitakuwa pikseli 96 kwenye dpi 320, na 144 kwenye dpi 480.

Ukimaliza, zungusha simu. Chati ikigoma kujichora upya, weka hapa msimbo wa onSizeChanged tuutazame.