Re: Makovu ndani ya kizazi, dawa ya kunywa inayatoa?

Pole dada kwa mimba kuharibika. Umeuliza kama makovu yaliyobaki baada ya kusafishwa yanatoka kwa dawa, jibu ni hapana, yale yameshikamana ukuta kwa ukuta, lazima yakatwe. Daktari anapitisha kamera nyembamba ukeni mpaka ndani ya kizazi, anayakata na kimkasi huku anaangalia kwenye skrini, hupasuliwi tumbo. Baadaye mara nyingi wanaweka kipira kidogo kuta zisigusane tena, na unapewa homoni ya estrojeni wiki kadhaa ili ule utando wa kawaida wa ndani ya kizazi uote, ila unaota pale tu ambapo tabaka lake la chini bado lipo, sasa kama ni TB ya kizazi ndo imeliharibu hapo ni kazi ngumu kweli.

Utrasaundi peke yake isikutulize, inaweza kuonekana safi na hedhi bado inatoka matone tu. Kwa hapa Dodoma anzia kliniki ya akina mama pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, waulize kuhusu hiyo kamera. Na zile dawa za kusafisha kizazi za pale Majengo achana nazo jamani. Ukishika mimba waambie kliniki mapema, kondo la nyuma linaweza kung'ang'ania kwenye ukuta wa kizazi.