Kulipa mzigo wa China kwa yuan: niliyoyaona mwenyewe

Nauza vyombo Kariakoo: chupa za chai, hotpoti, seti za sufuria. Kwa miaka mingi nililipa mzigo wangu wa China kwa dola kama karibu kila mtu ninayemfahamu sokoni. Mwaka 2023 dola zikaadimika nchini. Shilingi zangu zilikuwa kwenye akaunti, zimetimia, kiwanda kinasubiri hela, na benki inaniambia nisubiri zamu. Wiki ya pili ya kusubiri nikamwandikia dada anayeniuzia, kwenye WeChat: nikikulipa kwa yuan utapokea? Akajibu palepale kwamba atapokea, na bei itashuka kidogo.

Niliyashika hayo maneno ya mwisho. Kama bei inashuka nikilipa kwa hela yao, basi miaka yote hiyo nilikuwa nalipia kitu nisichokijua.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kiwanda kinanunua malighafi kwa yuan, kinalipa mishahara na umeme kwa yuan. Akikupa bei ya dola, mwenye kiwanda anajua hela itamfikia baada ya wiki kadhaa na hajui siku hiyo dola itakuwa imesimama wapi. Kwa hiyo anajikinga: anageuza bei yake kwa kiwango cha chini kuliko cha soko. Tuchukue mfano wa mzigo wa yuan 180,000. Soko likiwa dola moja kwa yuan 7.2, mzigo huo ni dola 25,000. Yeye atapiga hesabu kwa 7.0, na profoma, yaani ankara ya awali anayokutumia kabla hujalipa, itakuja na dola 25,714. Dola 714 zimeingia humo na hakuna mstari unaozitaja. Siku hizi naomba profoma mbili za mzigo uleule, moja ya dola na moja ya yuan. Nikigawa ya pili kwa ya kwanza, naiona kinga yake ilivyo nene.

Lakini usikimbilie yuan kabla hujamaliza hesabu ya upande wetu, maana benki nazo zina lao. Mara nyingi shilingi yako haigeuzwi moja kwa moja kuwa yuan. Inapita kwenye dola kwanza, na kila inapogeuzwa kuna faida ya benki. Ndiyo maana siulizi tena "kiwango cha leo ni ngapi". Nauliza hivi: ili yuan 180,000 zitoke, mtakata shilingi ngapi kwenye akaunti yangu, pamoja na gharama zote? Kwa mfano wetu, kama benki inauza dola kwa shilingi 2,530, profoma ya dola itakula shilingi 65,056,420. Benki hiyohiyo ikiuza yuan kwa shilingi 360, utatoa 64,800,000, na umeokoa zaidi ya laki mbili na nusu. Ikiuza yuan kwa 365, utatoa 65,700,000. Hapo lipa kwa dola, yuan haina faida kwako. Mpaka wa mzigo huu ni kama shilingi 361 kwa yuan moja, na mpaka huo unaweza kuupata kwa kalkuleta ya simu ukiwa bado umekaa kwenye benchi la benki. Ulizia benki mbili tatu. Kwenye dola bei zao hukaribiana, ila kwenye yuan nimekuta zinaachana sana, kwa sababu si hela wanayoiuza kila saa.

Sasa niseme kilichoniumiza. Malipo yangu ya kwanza ya yuan yalikuwa ya utangulizi, asilimia 30 ya mzigo. Jina la kampuni ya kule lilikuwa refu, lina jina la mji, jina lenyewe, kisha maneno ya bidhaa za plastiki na yale ya kampuni yenye dhima ya kikomo (Co., Ltd). Mhudumu wa benki akalifupisha ili liingie kwenye mstari mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale dirishani, nikaiona fomu, nikasaini. Ilikuwa tarehe 29 Septemba. Tarehe 1 Oktoba China wanaingia kwenye sikukuu ya taifa, na benki zao hazishughuliki na malipo ya namna hii kwa siku kadhaa. Baada ya sikukuu nikapigiwa simu na benki: "Dada, hela yako imerudi, jina halilingani na akaunti." Ilirudi kweli, lakini ikageuzwa kuwa shilingi kwa bei ya benki kununua, wakati mimi niliinunua kwa bei yao ya kuuza. Ukijumlisha na makato ya njiani, nilipoteza karibu laki tisa, na mzigo haujaanza hata kutengenezwa.

Tangu siku hiyo sisaini fomu kabla sijalinganisha jina herufi kwa herufi na lile la kwenye profoma, hata kama foleni nyuma yangu inalalamika. Jina likiwa refu liendelee mstari wa pili, nafasi ipo. Pia naomba kwenye sehemu ya maelezo waandike /CGODDR/, alama inayoiambia benki ya China kwamba haya ni malipo ya bidhaa, pamoja na namba ya ankara. Gharama nachagua nizibebe zote mimi, yaani OUR kwenye fomu, kwa sababu benki ya katikati, ile inayopitisha hela njiani, ikikata hata yuan 150, kiwanda kitasema hujamaliza deni na mzigo utakaa ghalani. Na nimefungua akaunti ya yuan, kwenye benki inayotoa huduma hiyo. Hela ikirudi leo, inarudi ikiwa yuan, inasubiri nirekebishe kosa.

Akaunti hiyo imenisaidia pia kwenye asilimia 70 zinazobaki. Kati ya malipo ya kwanza na ya mwisho kuna mwezi au zaidi, na shilingi haikai pale ulipoiacha. Nikipata mauzo mazuri wiki hii nanunua yuan elfu ishirini, wiki ijayo elfu kumi na tano. Siku kiwanda kinaponitumia picha za maboksi, sehemu kubwa ya hela ipo tayari kwa bei ninayoifahamu.

Kuna njia ya mkato ambayo sitaacha kuisemea. Unampa mtu shilingi mkononi hapa mjini, na mtu mwingine kule anaingiza yuan kwa muuzaji wako. Ni haraka na bei yake huvutia, nami nimewahi kushawishika. Tatizo ni kwamba hujui hizo yuan zimetoka wapi. Polisi wa China wakiifuatilia hela hiyo na kukuta ina asili chafu, akaunti ya muuzaji wako inafungwa, na yeye atakuja kudai kwako. Wewe huna karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba umelipa. Vivyo hivyo muuzaji akikuomba ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, kataa. Na ukipata barua pepe inayosema akaunti ya kampuni imebadilika, usilipe kabla hujampigia kwa video yule unayemfahamu uso, akusomee namba mwenyewe. Baruapepe za wafanyabiashara zinadukuliwa kila siku.

Kuhusu muda: China wako mbele yetu saa tano. Benki yetu ikifungua saa mbili na nusu asubuhi, kule ni saa saba na nusu mchana, kwa hiyo fomu yangu huwa imejazwa tangu jana yake. Mwezi wa mwaka mpya wa Kichina nalipa wiki mbili kabla, au nasubiri ipite.

Malipo yakishatoka naomba kopi ya SWIFT, yaani karatasi ya benki inayoonyesha hela imetumwa, siku hiyohiyo. Moja namtumia muuzaji, nyingine naifunga pamoja na profoma, ankara na risiti ya benki, faili moja kwa kila mzigo. Wakala wangu wa forodha amelitumia faili hilo mara mbili TRA, mamlaka ya mapato, walipohoji thamani ya bidhaa. Mara zote mbili alichofanya ni kuweka mezani karatasi ya yuan zilizotoka benki, yenye jina lilelile la kampuni, namba ileile ya ankara na kiasi kilekile.