"Attivo" haimaanishi geti liko wazi: maswali yenu kuhusu kuendesha gari Firenze

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni Mtanzania naishi Munich, mwezi wa sita mama alikuja kututembelea tukakodi gari tukaenda naye Firenze, Italia, tulitaka tu alione lile kanisa kubwa lenye kuba. Hakuna trafiki aliyetusimamisha, hatukupaki vibaya popote. Juzi naangalia kadi yangu, kampuni ya kukodisha wamekata euro 45, halafu tena 45, nimepiga simu naambiwa ni mambo ya faini. Sasa hapo nimelipa yameisha au? Na kosa letu nini hasa, maana kibao kiliandikwa ATTIVO nikajua njia iko wazi. (Msomaji, Munich)

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Nianze na lile gumu: hayajaisha. Hiyo 45 sio faini, hiyo ni hela ya kampuni kwa kazi ya kuwapa polisi wa manispaa jina lako na anwani, na imo kwenye mkataba uliosaini pale kaunta. Kama wamekata mara mbili maana yake wameulizwa habari zako mara mbili, kwa hiyo jiandae na barua mbili. Faini yenyewe inakuja kwa posta na inaweza kuchelewa sana, sheria ya Italia inawapa siku 90 kumtumia mtu anayeishi Italia lakini anayeishi nje ni siku 360, ndo maana wengi barua inawakuta safari wameshaisahau.

Sasa hilo neno. Mmenitumia swali hili watu wengi mno na karibu wote mmenaswa na neno hilohilo, na mi naona uchungu kwa sababu sio uzembe, ni lugha. Pale kwenye kona kuna alama ya duara, nyeupe katikati, ukingo mwekundu, chini yake imeandikwa Zona Traffico Limitato, wenyewe wanaita ZTL, yaani eneo ambalo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia masaa ya zuio. Karibu yake kuna kibao cha taa kinaandika VARCO ATTIVO. Varco ni mlango wa kupitia, attivo ni kwamba unafanya kazi, sasa mtu akisoma haraka anaona mlango unafanya kazi, si nipite? Kumbe kinachofanya kazi ni zuio na kamera! Attivo, taa nyekundu, usiingie. NON ATTIVO, taa ya kijani, pita. Hakuna kizuizi, hakuna askari, kamera inapiga picha namba ya gari na wewe unaendelea na safari yako hujui kitu.

Firenze kuielewa si ngumu ukijua historia yake kidogo. Mji ulikuwa na kuta, na miaka ya 1860 Firenze ilipofanywa makao makuu ya Italia zile kuta za upande wa kaskazini ya mto Arno zikabomolewa, mchoraji wa mipango akiwa Giuseppe Poggi, na pale zilipokuwa zikapita barabara pana ambazo mpaka leo zinaitwa viali. Baadhi ya malango ya zamani waliyaacha yamesimama, Porta San Gallo na Porta al Prato kwa mfano. Basi shika hili tu: ukiwa kwenye viali uko salama, ukikata kona kuelekea ndani kwenye vichochoro ndo unakutana na kamera. Na ukiviona vile vichochoro utaelewa kwa nini, aliyetembea Mji Mkongwe wa Zanzibar anajua, gari likiingia mtembea kwa miguu anabana ukutani na mkoba wake kifuani. Magari yote ya wageni yakiruhusiwa mle wenyeji watapita wapi?

Ramani ya simu nayo msiiamini sana, yenyewe inakutafutia njia fupi, haijui kama una kibali.

Kulipa: kiwango cha chini ni zaidi ya euro 80 kwa kila faini, juu yake gharama za posta. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu uipokee barua unapunguziwa asilimia 30, kwa hiyo siku barua inaingia usiiweke juu ya friji. Baada ya hapo unalipa bila punguzo mpaka siku 60. Kukata rufaa inawezekana, kwa Prefetto (mwakilishi wa serikali kuu pale mkoani) ndani ya siku 60 au kwa Giudice di Pace (hakimu wa kesi ndogondogo) ndani ya siku 30, kwa anayeishi nje ya Italia kama wewe ni siku 60, ila ukishalipa hiyo haki imeisha. Kwa kesi yako mi nakushauri lipa mapema, "sikuelewa kibao" haiwezi kukusaidia. Ungekuwa na kibali na wao wakakosea hapo ningekwambia pigana.

SWALI: Dada mi natoka Mombasa, tunaenda Firenze na hoteli yetu iko ndanindani kule karibu na daraja la Ponte Vecchio, tuna watoto wawili na mabegi. Tukikodi gari tutafikaje mlangoni?

JIBU: Dadangu, piga simu hotelini kabla hujaingia mjini, sio baada. Wao wanasajili namba ya gari lenu ili mpite kushusha mizigo, halafu gari linaondoka likapaki kwingine. Omba wakuthibitishie kwa maandishi na uyatunze. Masaa ya zuio kwa kawaida ni Jumatatu mpaka Ijumaa 1:30 asubuhi hadi 2 usiku, Jumamosi linaisha saa 10 jioni, na majira ya joto kuna usiku wa Alhamisi hadi Jumamosi pia, lakini cha mwisho ni kibao cha taa pale kwenye varco, hicho ndo msome.

Ila kwa moyo wangu wote, na watoto, msiingie na gari. Kuna pakingi inaitwa Villa Costanza, iko palepale kwenye barabara kuu ya A1 yaani hutoki hata nje ya barabara, unaacha gari unapanda tramu T1 mpaka stesheni ya Santa Maria Novella, kutoka pale Duomo, lile kanisa lenye kuba, ni mwendo mfupi wa miguu.

SWALI: Je Milano ni hivohivo?

JIBU: Hapana, Milano katikati unanunua kuingia. Inaitwa Area C, ipo tangu 2012, Jumatatu hadi Ijumaa saa 1:30 asubuhi mpaka 1:30 jioni, na tangu mwisho wa 2023 ni euro 7.50 kwa siku. Ukiingia usichelewe kulipia. Dizeli za zamani haziruhusiwi hata ukiwa na hela mkononi, kwa hiyo kama gari ni lenu angalieni kwanza kadi ya gari.