Kodi Haiishi Ghafla

Nilipokuwa nimepanga Sinza kuna kipindi nilikuwa naingia kwangu kama mwizi. Nasubiri taa ya barazani izimwe, navua viatu, nanyata hadi mlangoni. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, na mama mwenye nyumba analala chumba cha mbele. Kumbe muda wote alikuwa ananisikia. Mwenye nyumba anayeishi na wapangaji wake anamjua kila mtu kwa kikohozi. Siku aliponikamata bombani hakupiga kelele. "Ungeniambia tu, mwanangu," alisema, "nami ningejua mapema ada ya mdogo wako nikaikope wapi."

Sasa niko upande wa pili. Shangazi yangu anaishi Moshi, nyumba yake ya vyumba nane iko Tabata, na mimi ndiye ninayekusanya kodi, kuchangisha hela ya umeme wa LUKU na kuamua ugomvi wa choo. Nimekwepa na nimekwepwa, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyasoma mahali.

Dar tumezoea kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima. Chumba cha elfu themanini kwa mwezi si kikubwa, lakini mpangaji anatakiwa ashike 480,000 kwa mkupuo, naye kipato chake kinaingia kwa siku au kwa wiki. Mwenye nyumba anaipenda hela hiyo kwa kuwa inanunua bati au inalipa ada. Ikija kidogo kidogo inaishia sokoni. Wote wawili wana sababu. Ila kodi ya namna hii ikikwama, haikwami nusu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachoangalia ni tarehe. Mtu akiingia Julai, miezi sita yake inakwisha Desemba. Anatakiwa kulipa tena Januari, mwezi wa sare na madaftari, hela ya sikukuu ishakwenda. Wapangaji wangu watatu wenye watoto walikuwa wakichelewa kila Januari, nami nikawaona wakorofi. Nilipowaomba walipe miezi miwili tu ili mzunguko uhamie Machi na Septemba, wawili kati yao hawajachelewa tena. Ukiwa unatafuta chumba sasa hivi, lizungumze hili kabla dalali hajapokea chake.

Ukiona hela haitatimia, sema wiki mbili kabla. Usiseme "nivumilie kidogo". Kidogo hakina tarehe. Ujumbe ulionilainisha kuliko yote ulikuwa hivi: "Shikamoo kaka. Kodi yangu inaisha tarehe 30. Nina laki mbili, nakutumia leo. Laki moja na nusu tarehe 15, iliyobaki mwisho wa mwezi." Niliusoma, nikampelekea shangazi, tukamaliza. Hizo laki mbili zina uzito kuliko maelezo ya ukurasa mzima kuhusu bosi aliyekuzungusha.

Sisi wasimamizi nasi tuna makosa yetu. Langu kubwa lilikuwa kufuli. Mama mmoja muuza chapati alipitisha mwezi na nusu, simu hapokei, nikaweka kufuli mlangoni akiwa hayupo. Ndani kulikuwa na unga wake, jiko lake na meza yake. Yaani nilimdai hela huku nimemfungia kinachomletea hela! Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaitwa, nikaaibishwa mbele ya watu, nikafungua. Deni likabaki palepale, na sasa lilikuwa na kinyongo juu yake. Kung'oa mlango au kumkatia mtu umeme ni ujinga uleule. Mkishindwana kabisa, andika barua ya kumpa muda, mtafute mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Likivuka hapo lipeleke Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halihukumu. Kesi yenyewe husikilizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu, lakini ukifika mbele ukiwa umeshavunja kitasa cha mtu, mdaiwa unageuka wewe.

Jingine ni nani anapokea. Nimewahi kuamua ugomvi ambapo mpangaji alimpa kodi kijana wa mwenye nyumba mkononi, kijana akaila. Mzee anadai, mpangaji anaapa, karatasi hakuna. Tuma kwa simu, kwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba, na ule ujumbe usiufute. Ukitoa taslimu, daftari lisainiwe hapohapo, hata kama anayepokea ni shemeji yako. Hasa akiwa shemeji yako.

Yule mama wa chapati bado yupo. Tulikubaliana awe analipa elfu ishirini kila Jumatatu, kwa mwezi wa wiki nne inatimia themanini, na ile wiki ya tano inapoangukia tunaipunguza kwenye deni la zamani. Shangazi alinung'unika sana kwamba hela ya vijisenti haijengi. Nikamfungulia akaunti ambayo kadi yake ninayo mimi, namtolea Juni na Desemba. Juni iliyopita aliniuliza kwa nini wale wengine saba wasilipe hivyohivyo.