Anthem: msiitupie EA lawama zote

Mkuu, umeuliza mambo mawili: inakuwaje BioWare, studio iliyotoa gemu ya Mass Effect, ikaja kutoa gemu iliyoanguka kama Anthem, na kama hiyo diski ya Anthem unayouziwa bei ya kutupa inafaa kuchukuliwa. La diski nitalijibu mwisho. Hilo la kwanza wengi hapo juu wamelimaliza kwa neno moja, "EA", yaani kampuni inayoimiliki BioWare. Mimi niliicheza Anthem tangu ilipotoka Februari 2019, na nimekaa kwenye timu za kutengeneza programu vya kutosha, naona jibu hilo linawapa BioWare wenyewe msamaha wa bure.

Kwanza nitoe sifa zake, maana ilikuwa nazo. Unavaa deraya ya chuma iitwayo javelin, unajirusha kutoka ukingoni mwa jabali, injini za mgongoni zinawaka, unapaa. Ukikaa hewani muda mrefu zinapata moto kupita kiasi na unaporomoka. Kwa hiyo unazoea kupita katikati ya maporomoko ya maji ili zipoe, halafu unaendelea bila kutua. Mwanzoni nilikuwa naacha misheni kabisa, napaa tu.

Sasa sikia. Huko kupaa nusura kusiwepo! Mwandishi Jason Schreier aliongea na watu 19 waliohusika na gemu hiyo au waliokuwa karibu nayo, akatoa ripoti ndefu kwenye Kotaku, tovuti ya habari za magemu, Aprili 2019. Kupaa kulikuwa kunawekwa, kunatolewa, kunarudishwa, kunatolewa tena. Krismasi ya 2016 wakampa Patrick Söderlund, kigogo wa EA, demo acheze. Hakuipenda hata kidogo. Wakahaha wiki kadhaa, wakarudisha kupaa ili kumfurahisha, na alipofika Edmonton, Kanada, ofisini kwa BioWare, kuangalia akataka aonyeshwe tena. Yaani kitu bora kuliko vyote humo ndani kilipona kwa sababu ya huyohuyo EA mnayemtukana hapa.

Trela ya Juni 2017 pale kwenye maonyesho ya magemu ya E3 ilitokana na demo hiyo, na wapo watengenezaji walioiona ndipo wakaelewa wanatengeneza gemu gani. Jina lenyewe lilibadilishwa siku chache kabla. Ilikuwa iitwe Beyond, na fulana zilikuwa zimeshachapwa. Mradi huo ulikuwa na miaka kadhaa tayari. Casey Hudson, aliyeuanzisha, alikuwa ameondoka 2014, na baada yake hakukuwa na mtu wa kusema "tunafanya hivi, basi". Hata kuitaja Destiny, gemu ya studio nyingine, kulikuwa kama mwiko, wakati gemu waliyokuwa wanaielekea ni ya aina ileile. Utajifunzaje kwa mwenzako ambaye jina lake halitajwi?

Lakini kiini cha tatizo nakiona mapema zaidi. Dragon Age: Inquisition, gemu yao ya kabla ya hapo, ilitengenezwa kwa tabu, watu wakichoshwa na kazi miezi ya mwisho, kisha ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka 2014 kwenye The Game Awards. Ndani ya studio kulikuwa na msemo, "uchawi wa BioWare": mambo yavurugike vipi, mwishoni yatakaa sawa. Baadhi yao walimwambia Schreier kwamba ingekuwa heri Inquisition ifeli, ili watu wazinduke.

Hili nalijua kwa macho yangu. Kuna kampuni ya programu hapa mjini, jina naliacha, nilifanya nayo kazi. Mradi mmoja uliwahi kuokolewa na vijana waliolala ofisini wiki nzima. Tangu hapo kila kikao kilichokwama bosi alikuwa anafunga laptop na kusema "si mnakumbuka ule mwingine?" Tunacheka, tunatawanyika, swali linabaki mezani lilivyokuwa. Waliowahi kulala ofisini ndio walikuwa wa kwanza kutafuta kazi kwingine.

EA nayo ina sehemu yake, sikatai. Studio zake zilikuwa zinaelekezwa kwenye injini ya Frostbite, yaani programu ya msingi ya kujengea magemu, iliyotengenezwa na DICE wa Sweden kwa ajili ya Battlefield, magemu ya risasi. BioWare ni watu wa hadithi na mazungumzo. Kisha FIFA nayo ikahamia Frostbite, na mafundi wanaoijua injini hiyo wakavutwa kule kwenye pesa nyingi. Ukitaka kuilaumu EA, ilaumu hapo.

Yaliyofuata mnayajua. Maksi za wahakiki zilikuwa za aibu kwa studio ile, vifaa vya kuokota vikiwa haba na muda wa kusubiri gemu ipakie ukiwa mrefu. Kuna timu ndogo ilipewa kazi ya kuifufua, nayo ikasimamishwa Februari 2021.

Diski usinunue, hata kwa bei ya soda. Anthem ilihitaji intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako, na seva zilizimwa tarehe 12 Januari 2026. Utaweka diski, itaishia kwenye kujaribu kuunganisha. Kama unataka kuonja BioWare ya zamani, tafuta Mass Effect Legendary Edition ya 2021, zimo zote tatu za mwanzo, na kampeni yake haidai bando. Anza na ya kwanza, uvumilie lile gari lao gumu kuendesha.