Barua kwa mwanangu: mjomba wako na kazi zake

Mwanangu mpenzi,

Salamu zenu zimefika, na sisi huku Goma tunaamka vizuri. Nyonga yangu niliyoumia nilipoanguka inapona. Sasa ninatembea na fimbo mpaka kwenye geti na kurudi. Baba yako anawasalimu nyote, na anasema watoto wasimsumbue mjomba akiwa amelala mchana.

Unaniuliza kama umtafutie mjomba wako msichana wa kumwogesha, kumvalisha na kumfanyia yale yote aliyozoea kufanya mwenyewe, kwa sababu siku hizi shati peke yake linamchukua saa nzima, na sambaza, wale samaki wadogo wa jioni, anawachambua mpaka giza linaingia huku watoto wanalia njaa. Unauliza pia msichana wa namna hiyo alipwe kiasi gani. Habari ya malipo, majirani wako hapo Bukavu watakuambia vizuri kuliko mimi. Mimi nina mengine ya kukuambia.

Kwanza mpeleke apimwe. Watu wenye trisomia 21 kama yeye, hali ya kuzaliwa nayo ambayo wengine huiita Down, huzeeka mapema. Wakipita miaka 40, mtoto wa jicho huweza kuingia, masikio hupungua nguvu, na ile tezi ya shingoni, tiroidi, mara nyingi hulegea. Ikilegea, mtu huwa mzito, husinzia, huhisi baridi, husahau. Anayemtazama atasema amekuwa mvivu, kumbe ni tezi, na vidonge vyake vipo, vinamezwa kila siku. Kuna pia usahaulifu wa uzeeni wenyewe, ambao wengine kwetu huwapata wakiwa na miaka 80, na wao huweza kuwapata kwenye miaka 50 au hata kabla. Huo hauna dawa ya kuuondoa. Kwa macho tu huwezi kujua ni lipi kati ya hayo, ndiyo maana daktari apime damu ya tiroidi, achungulie masikio kama yamejaa nta, aangalie na macho. Vifungo vya shati ni vidogo. Asiyeviona vizuri atahangaika navyo asubuhi nzima hata kama akili yake haijapungua chochote. Na mjomba wako hatakuambia kwamba haoni. Unakumbuka lile jino lake: tulilijua siku shavu lilipovimba.

Hayo hukuniuliza, lakini nisingelala bila kuyaandika.

Sasa, mjomba wako alipozaliwa, huko Paris walikuwa wameshajua tangu 1959 kwamba watu hawa wana kromosomu, zile nyuzi za urithi mwilini, moja ya ziada, ile ya 21. Koko wako, mama yangu, hakuambiwa hata jina la hali hiyo. Aliambiwa tu kwamba mtoto huyu hatakua, asijichoshe naye. Alimfunga mgongoni akarudi naye nyumbani, akaanza kujichosha naye. Nilikuwa mkubwa kidogo, niliona yote. Neno lake lilikuwa moja, nawe umelisikia kwangu mpaka umelichoka: mkono wake kwanza. Kitu chochote cha mjomba wako, mkono wake ukiguse kwanza. Wetu uje baadaye, ukihitajika.

Hakumwambia "nenda ukaoge". Kuoga ni kazi nyingi zilizofungwa pamoja, na yeye alizifungua moja moja. Chovya kitambaa. Paka sabuni. Shingo. Kwapa. Sasa mgongo, lete nikusaidie. Nguo alizipanga kitandani kwa mpangilio wa kuvaliwa, ya kwanza karibu na mto, ya mwisho miguuni, kwa hiyo hakuhitaji kumwambia lolote, kitanda chenyewe kilimwelekeza. Siku ambazo mjomba wako alikuwa na homa au amechoka, koko alifanya mwanzo wa kazi na kumwachia mwisho: alifunga vifungo vyote, cha mwisho akamwachia. Hakupenda kufanya kinyume, yaani kumwacha aanze halafu kumpokonya katikati. Alisema anayemaliza ndiye atakayejiona amefanya kazi. Hilo jaribu wiki hii kabla hujatafuta mtu. Linaokoa muda mwingi kuliko unavyofikiri, na halimvunji moyo.

Moto tu ndio hakumwachia. Mbabula, jiko letu la makaa, iliwekwa juu ya jiwe, na mjomba wako hakukaribia mpaka mtu mwingine awepo. Nawe fanya hivyo hivyo, hasa sasa kama macho yanapungua.

Kazi yake kubwa ilikuwa maji. Alianza na bidoni, yaani dumu, ya lita 5, nyuma ya dada zake, mpaka ziwani na kurudi. Alipokuwa kijana alibeba ya lita 20 begani, peke yake, na watu wa njia ile walimjua kwa jina. Nyumba ya Murara, ambayo wewe unaijua kwa hadithi tu, haikukosa maji ya jioni miaka yote tuliyokaa pale. Na jioni alichambua sambaza. Koko alipenda kutuambia kwamba utotoni mwake samaki hao hawakuwamo ziwa Kivu, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mjomba wako kila mara alimsikiliza kama habari mpya.

Ndiyo maana nikisoma kwamba anawachambua polepole, ninawaza siku ile ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Tulijua tangu asubuhi kwamba Nyiragongo, ule mlima wa moto, imepasuka ubavuni, lakini tulidhani moto utaishia huko juu. Mchana ukapita, watu wakaanza kushuka mbio kutoka upande wa uwanja wa ndege, na nyuma yao moshi. Koko akasema kila mmoja achukue anachoweza kubeba. Baba yako akachukua matela, yaani godoro. Mimi nilikuwa na wewe, na makaratasi kwenye mfuko. Mjomba wako akaenda nyuma ya jikoni, akarudi na bidoni ya lita 20 imejaa mpaka kwenye kifuniko.

Tulimpigia kelele wote. Baba yako alitaka kuimwaga. Mizigo yote ya dunia, unabeba maji! Mjomba wako aliikumbatia kwa mikono miwili akaanza kutembea, nasi tukamfuata, maana hapakuwa na muda wa kubishana. Njia ya kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, ilikuwa imejaa watu, mbuzi, magodoro, wazee waliobebwa migongoni. Ardhi ilikuwa inatetemeka. Jioni tulivuka mpaka wa nchi, na usiku ule maelfu walilala nje, hewa imejaa majivu, koo zimekauka, anga upande wetu jekundu kabisa. Wewe ulilia mpaka sauti ikakuishia. Mjomba wako akafungua bidoni, akamimina kwenye kifuniko, akakunywesha. Kisha akamnywesha mtoto wa mama aliyeketi karibu nasi, kisha mama mwenyewe, akaendelea hivyo hivyo, kifuniko kwa kifuniko, mpaka watoto wa upande wetu wote wamekunywa. Hakuna aliyemwagiza. Nakuambia, mwanangu, katika maisha yangu sijaona mtu aliyebeba kitu sahihi siku ya shida kama yeye siku ile. Matela tuliilalia, ni kweli. Lakini matela haikumnyamazisha mtoto yeyote.

Kesho yake tulifika kwa mtu wa ukoo wetu, jina lake nitaliacha. Alitupokea vizuri, alitupa chumba, chakula pia. Ila alimtazama mjomba wako, akatuuliza mbele yake: "Huyu naye mlimburuta wa nini? Hata hajui kinachoendelea." Mjomba wako alikuwa amesimama pale mlangoni, bidoni tupu mkononi. Aliiweka chini. Asubuhi iliyofuata, watu wa nyumba walipokwenda kuchota, hakuinuka. Siku ya pili, vivyo hivyo. Alikaa ukutani akitazama miguu yake, na chakula alikila kwa kuhimizwa. Mtu asiyejua kinachoendelea hawi hivyo. Mpaka leo nikikutana na ndugu yule kwenye matanga ninampa mkono, ninaulizia watoto wake, na sauti ile bado iko sikioni mwangu.

Koko hakumbembeleza. Aliichukua ile bidoni mwenyewe, na umri wake ule na mgongo wake ule, akatoka nayo. Mjomba wako akamtazama mpaka amefika njiani. Halafu akainuka mbio, akamnyang'anya, akatangulia. Waliporudi alikuwa anacheka. Nilikuwa ninakunyonyesha uani, nikacheka pia, nikalia, sijui nilianza na kipi.

Yaya wangu, mjomba wako mkubwa, huwa ananibishia. Anasema bidoni ile ilikuwa mazoea tu: ilikuwa saa ya maji, akabeba maji, mimi ninaongeza hekima isiyokuwapo. Nimelifikiria sana. Inawezekana ni mazoea. Lakini kumnywesha mtoto wa mtu asiyemjua hayakuwa mazoea, nyumbani alikuwa anamimina kwenye pipa tu. Na hata ikiwa ni mazoea, basi mazoea hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwa mwanamke aliyekubali kungoja kila jioni, kwa miaka, arudi na lita 5 zilizomwagika nusu njiani, wakati angeweza kuwatuma dada zake wakarudi mara moja.

Haya, najua utaniambia nini. Koko alikuwa na mabinti nyumbani, wewe uko peke yako na watoto wadogo, unatoka saa kumi na mbili na nusu, bwana yako anarudi usiku. Koko hakuwa na mkubwa wa kazi anayemwangalia saa. Hayo ni kweli, siwezi kuyapuuza. Tena koko alikuwa na kijana anayejifunza, wewe una mtu anayeanza kusahau, labda, na njia za hao wawili hazifanani. Wa kwanza unamngoja kwa sababu kesho atafanya vizuri zaidi. Wa pili huenda kesho asiweze, na ukimsubiri kupita kiasi unamtesa, anajiona ameshindwa kila asubuhi. Kwa hiyo siwezi kukuambia tu "vumilia", kana kwamba kuvumilia kunapika bugali. Redioni walisema kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na Katiba yenyewe, kifungu cha 49, inasema wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Nimefurahi kwamba imeandikwa. Ila asubuhi hapo kwako ni wewe na yeye, na muda unakwenda.

Hata hivyo, mkono wake kwanza. Ukimleta msichana, msichana huyo anaweza kufua, kuchota, kuosha sahani, kuwapeleka watoto shule, yaani kazi zako wewe, ili wewe upate nusu saa ya kukaa karibu na mjomba wako akivaa. Au anaweza kukaa yeye na mjomba wako, akifundishwa kungoja. Wengi hawajui kungoja, wanaona huruma wanafanya wenyewe, na mtu anabaki ameketi safi, amevaa vizuri, hana kazi, mgeni katika nyumba ya ndugu zake. Hilo ndilo ninaloliogopa. Shati lenye vifungo mpumzishe nalo, mnunulie fulana za kuvaa kichwani. Suruali iwe ya mpira kiunoni. Sambaza umpe kidogo, bakuli moja badala ya beseni, na ampe mtoto wako mkubwa nafasi pembeni yake wachambue pamoja. Wape saa tisa, mwanga ukiwepo, si jioni. Bakuli likiisha, kazi imeisha, mshukuru mbele ya wote.

Nilikuwa nimeshaandika hapa msichana asije kabisa. Baba yako amesoma, akaniambia nyumba si yangu. Nimekata mstari ule. Umeishi naye miezi hii, unamwona akiamka. Mimi ninamkumbuka alivyokuwa kabla sijaanguka. Amua wewe, na bwana yako akubali, maana ndiye atakayelipa. Lakini usiamue kabla hujapata majibu ya damu.

Na muulize mjomba wako mwenyewe kama anataka mtu wa kumsaidia, na kwenye kitu gani. Mwonyeshe nguo, mwonyeshe beseni, umwachie aguse anachotaka kubaki nacho. Muulize asubuhi akishakunywa chai. Jioni huwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali lolote unalomwambia.

Mama yako