Si lazima nyuzi 20

Umeuliza kama developa, ile dawa ya kutoa picha kwenye filamu, lazima iwe nyuzi 20 za Selsiasi. Hapana ssebo (bwana), si lazima, hata kwa 24 shiti za 4x5, yaani filamu za vipande vya inchi 4 kwa 5, zinatoka sawa tu ila unapunguza dakika. Hesabu ya haraka ni kukata kama asilimia 10 ya dakika zilizobaki kwa kila nyuzi inayozidi, kwa mfano filamu ya HP5 kwenye developa ya ID-11 ya 1+1 (sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji) Ilford wenyewe, wanaozitengeneza zote mbili, wanaandika dakika 13 kwa nyuzi 20, sasa kwa 24 inashuka mpaka kama 9, na chati ya joto wanayo. Maji ya bomba hapa Kampala huwezi kuyashusha bila barafu na umeme ukipotea barafu nayo kwisha, ya nini kuhangaika. Ila usitumie developa isiyoongezwa maji, ile ya dakika 7 na nusu itakushukia mpaka 5 hivi na muda mfupi namna hiyo shiti inaweza kutoka na mabaka, hasa ukiwa unageuza kwenye trei. Fiksa (dawa ya kuimarisha picha baada ya developa) na maji ya kuoshea pia yawe karibu na joto hilo hilo, sio ya friji.